Goti la Sekela Linajishona

Sekela ana miaka saba. Anaishi Tukuyu, mji wa ukungu na mvua nyingi.

Baba yake ni fundi wa makochi. Karakana yake iko mbele ya nyumba.
Nyundo inagonga, ko! ko! ko!
Cherehani inakimbia, krrrr! krrrr!

Vipande vya kitambaa vikibaki, Baba havitupi. Anavikunja, anavibana, anavishona. Vinakuwa mpira.
Huo ndio mpira wa rede wa Sekela.

Rede inachezwa hivi. Wawili wanasimama, mmoja huku, mmoja kule. Wanarusha mpira. Mwingine yuko katikati. Anaukwepa mpira, na huku anajaza mchanga kwenye chupa.

Mpira ukikugusa, umetoka!
Chupa ikijaa mpaka mdomoni, umeshinda!

Na Sekela anajua kukwepa. Anakwepa kulia, hop! Anakwepa kushoto, hop! Mpira unapita, unabaki unashangaa.

Siku moja, Mwalimu Kissa alitangaza.
"Darasa la Pili A watacheza rede na Darasa la Pili B. Ijumaa ya wiki ijayo! Darasa litakalojaza chupa nyingi ndilo litakaloshinda."

"Sekela atacheza wa mwisho!" walisema Pili A. "Tutashinda!"

"Mtashinda ndotoni," alisema Bupe wa Pili B.
Bupe alikuwa na mkono wenye nguvu. Akirusha mpira, mpira unalia, fyuuu!

Jumanne, Sekela alifanya mazoezi nje ya karakana.
Akakwepa kulia, hop!
Akakwepa kushoto, hop!
Akateleza.
Puu!

Goti lilisuguka kwenye kokoto. Kwaruuu!

"Mama! Mamaaa! Inauma!"

Mama alikuja mbio. Aliosha goti kwa maji safi na sabuni. Aliosha taratibu, kokoto moja, kokoto ya pili, mpaka zote zikatoka.

"Kwa nini inauma hivi?" Sekela alilia.
"Ngozi inakupa habari," alisema Mama. "Inasema, hapa pameumia, patunze. Isingesema, ungejuaje?"
"Ingesema polepole," alisema Sekela.

Kesho yake shuleni, Mwalimu Kissa aliliona goti.

"Shikamoo, Mwalimu."
"Marahaba, Sekela. Goti limefanyaje?"
"Limeanguka, Mwalimu."
"Limeanguka peke yake?"
"Hapana. Tumeanguka wote."

Mwalimu Kissa aliinama, akatazama vizuri.
"Uwanja wetu una mchanga," alisema. "Mchanga una vijidudu. Mwenye kidonda kilicho wazi haingii uwanjani."

"Hata kwenye rede?"
"Hata kwenye rede. Ijumaa ya mechi nitalikagua goti lako. Kidonda kikifunga, utacheza. Kikiwa wazi, utakaa benchi."

Bupe alisikia. Aliruka ruka huku anaimba.
"Goti bovu! Goti bovu! Pili A wana goti bovu!"

Sekela alivuta sketi, akalifunika goti.

Mchana alikwenda karakana moja kwa moja. Hakuvua hata begi.
"Baba, nishonee goti."

Baba aliweka nyundo chini. "Nikushonee?"
"Ndiyo. Kochi likichanika, unalishona. Sindano unayo. Uzi unao. Nishonee, Ijumaa ile nina mechi."

Baba alicheka, lakini kidogo tu. Alimpakata.
"Mama yangu, kochi halijui kujishona. Ndiyo maana linaniita mimi. Wewe unajua."

"Mimi? Sijui kushona hata kifungo!"
"Ngozi yako inajua."

Baba alichukua mto wa kochi uliokuwa haujafungwa. Alimwonyesha Sekela ubavu wa mto huo.
"Tazama. Juu kuna nini?"
"Kitambaa."
"Kati?"
"Bitana."
"Na chini?"
"Sponji!"

"Na ngozi yako ni hivyo hivyo," alisema Baba. "Ina tabaka tatu."

"La juu ni jembamba, lakini imara. Ndilo linalozuia maji na vijidudu."

"La kati linavutika. Humo mna mirija ya damu. Mna tezi za kutoa jasho. Mna mizizi ya vinyweleo. Mna pia nyaya nyembamba sana za kuhisi."

"La chini ni laini. Lina mafuta. Ukigongwa, linapunguza maumivu. Na baridi ya Tukuyu ikija, linakusaidia kupata joto."

Sekela alijifinya mkono. Akaivuta ngozi, akaiachia. Ikarudi mahali pake, pwi!
"Baba, mimi ni kochi!"
"Kochi zuri kuliko yote niliyoyaona."

"Na goti limechanika wapi?"
"Tabaka la juu limekwanguka. La kati limeguswa kidogo, ndiyo maana ulitoka damu. Lakini fundi ameshaanza kazi. Anashona kutoka pembeni kuelekea katikati. Wewe mwimbie tu."

Ko! ko! Baba akapiga mdundo kwenye mbao. Wakaimba pamoja.

*Ngozi yangu, fundi wangu,*
*shona, shona, usichoke!*

"Sasa fumba macho," alisema Baba. Akamwekea kitu mkononi. "Nini hiki?"
"Sponji!"
"Na hiki?"
"Msumari. Una kichwa."
"Na hiki?"
Sekela alipapasa. Kilikuwa laini upande mmoja, kinakwaruza upande wa pili.
"Mahameli! Ya kochi la kijani!"

"Umejuaje na umefumba macho?"
Sekela alivitazama vidole vyake.
"Vidole vyangu vina macho," alisema.

Alhamisi, goti liliota gamba dogo, gumu, la kahawia.
"Hicho ni kigaga," alisema Mama. "Damu imeganda, imekuwa kifuniko. Chini yake fundi anashona. Usikiguse."

Ijumaa hakukigusa.
Jumamosi hakukigusa.

*Ngozi yangu, fundi wangu,*
*shona, shona, usichoke!*

Ikafika Jumapili.

Kila Jumatatu shuleni kuna ukaguzi wa usafi. Watoto wanapanga mstari. Mwalimu Kissa anatazama kucha. Anatazama shingo. Anatazama visigino. Akiona uchafu, anasema "Mmh!" mbele ya watu wote.

Kwa hiyo kila Jumapili jioni, Sekela anajisugua. Ana jiwe lake la kusugulia miguu. Kwaru! kwaru! kwaru!

Alisugua kisigino cha kulia. Safi!
Alisugua kisigino cha kushoto. Safi!
Akatazama goti.

Kigaga kilikuwa cha kahawia. Kilikuwa kinakwaruza. Kilionekana kama matope yaliyokauka.

"Mwalimu atasema 'Mmh!'" aliwaza Sekela. "Nitasugua kidogo tu. Pembeni tu."

Kwaru.
Kwaru.
Kwa...

Kigaga kilibanduka. Damu ikatoka.

Sekela aliketi, jiwe mkononi. Povu la sabuni lilikuwa linapasuka moja moja, pit, pit, pit.

Baba alimkuta hivyo.
"Nilidhani kitaonekana uchafu," alisema Sekela. Ndipo akalia. "Nimeharibu kazi ya fundi!"

Baba alichuchumaa. Alisafisha goti, akabana kitambaa safi juu yake. Alihesabu polepole. Kisha akafunua.

"Tazama pembeni. Unaona?"
Sekela alitazama huku anavuta makamasi.
Pembeni palikuwa na ngozi mpya, nyororo, inang'aa.

"Pembeni ameshamaliza," alisema Baba. "Katikati tu ndiyo bado. Umemfunulia paa kabla hajatoka ndani."

"Amenikasirikia?"
"Fundi huyu hana hasira. Damu imeacha kutoka. Unaona? Ameshaanza tena."

"Atamaliza kabla ya Ijumaa?"
Baba alikikunja kitambaa.
"Zimebaki siku tano, mama. Tumwache afanye kazi."

Mama alifunika goti kwa bandeji safi. Sekela aliimba, lakini kwa sauti ndogo kama ya sisimizi.

*Ngozi yangu, fundi wangu,*
*shona, shona, usichoke.*

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Watoto walipanga mstari. Brrr! Vinyweleo vya mikono ya Sekela vikasimama vyote, kama vinaimba wimbo wa taifa.

Mwalimu Kissa alipita. Akatazama kucha. Akatazama shingo. Akatazama visigino. Akaiona bandeji.

"Goti lilikuwa linaendelea vizuri. Limepatwa na nini?"
Sekela aliishika bandeji.
"Nilisugua kigaga kwa jiwe, Mwalimu. Kwa ajili ya ukaguzi."

Mwalimu Kissa hakusema "Mmh!"
Aligeuka, akautazama mstari mzima.

"Sikilizeni, wanangu. Kigaga si uchafu. Kigaga ni kifuniko cha kidonda. Nilitakiwa kuwaambia mapema. Nani mwingine ana kigaga?"

Mkono mmoja ulinyooshwa. Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Nyuma kabisa, mkono wa mwisho ulipanda polepole. Ulikuwa wa Bupe. Alikuwa na kigaga kwenye kiwiko, amekificha ndani ya sweta.

"Ulikuwa unasubiri nini?" Sekela alimuuliza Bupe mapumziko yalipofika.
"Nilidhani mtasema kiwiko kibovu," alisema Bupe.
"Tungesema," alisema Sekela.
Wakacheka wote wawili.
"Lakini Ijumaa nitakupiga na mpira tu," alisema Bupe.
"Utapiga upepo!" alisema Sekela.

Jumanne, kigaga kipya kiliota. Kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza.

Jumatano, kilianza kuwasha.
Wash, wash, wash.
Kiliwasha kwenye hesabu. Kiliwasha kwenye uji. Kiliwasha hata kwenye kuimba.

"Baba, kinawasha! Naomba nikikune kidogo. Pembeni tu."
"Pembeni tu?" aliuliza Baba.
Sekela alikumbuka jiwe.
"Hapana," alisema. "Hata pembeni, hapana."

"Kidonda kinachopona huwa kinawasha," alisema Baba. "Wewe mchana una akili. Usingizini je?"

Krrrr! krrrr! Cherehani ikakimbia. Baba akashona vifuko viwili vya mahameli ya kijani. Kimoja cha mkono wa kulia. Kimoja cha mkono wa kushoto.

Sekela akalala na mikono ya kochi.
Mama alicheka mpaka akaegemea mlango.

Alhamisi, Sekela hakukuna.
Alikaza meno. Alipiga makofi. Alizunguka karakana mara nane. Aliimba kwa sauti kubwa mpaka jirani akachungulia.

*NGOZI YANGU, FUNDI WANGU,*
*SHONA, SHONA, USICHOKE!*

Ikafika Ijumaa.

Watoto wote walizunguka uwanja. Mwalimu Kissa alimwita Sekela pembeni. Pili A walisogea karibu.

Mwalimu alitoa bandeji. Alitazama juu ya goti. Alitazama chini ya goti.
"Kunja."
Sekela akakunja.
"Nyoosha."
Sekela akanyoosha.
"Kunatoka maji?"
"Hakutoki, Mwalimu."
"Kunauma nikigusa hapa?"
"Hakuumi."

Katikati ya goti palikuwa na kigaga kidogo tu, kama punje ya dengu. Kikavu. Kigumu. Kimefunga.

Mwalimu Kissa alisimama. Akabandika bandeji mpya. Akapiga filimbi, prrrrii!
"Kidonda kimefunga. Sekela anacheza!"

"Yeeeeee!" walishangilia Pili A.

Mechi ikaanza.
Pili B wakajaza chupa mbili. Zamu zao zikaisha.
Pili A wakajaza chupa mbili. Wakabaki na mchezaji mmoja.

Sekela akaingia katikati.

Huku alisimama Bupe. Kule alisimama rafiki yake. Mpira ulikuwa ule ule wa vipande vya makochi.

Fyuuu! Sekela akakwepa kulia, hop!
Fyuuu! Akakwepa kushoto, hop!
Akachuchumaa. Goti likakunjika. Kigaga kikavutika kidogo. Hakikupasuka.
Akachota mchanga, akatia. Shwaa!

Jua lilitoka kwenye ukungu. Sekela akapata joto. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Jasho likamtoka mgongoni. Upepo ukapita, jasho likakauka, akahisi ubaridi mtamu.
"Asante, ngozi," alinong'ona.

Fyuuu! Hop! Shwaa!
Fyuuu! Hop! Shwaa!

Chupa ilikuwa inakaribia kujaa. Lakini imejaa kiasi gani? Akitazama chupa, hatauona mpira. Akitazama mpira, hataiona chupa. Na akiinyanyua kabla haijajaa, haihesabiwi.

Bupe aliinua mkono. Alilenga. Alikuwa anasubiri Sekela atazame chini.

Sekela hakutazama chini.

Macho yake yalimtazama Bupe. Vidole vyake vikaishika chupa. Vikapapasa mdomo wa chupa.
Bado.
Shwaa! Mchanga ukaingia.
Kidole kikagusa shingoni.
Bado kidogo.

Fyuuuuuu! Bupe akarusha kwa nguvu zake zote.
Hop! Mpira ukapita juu ya sikio lake. Sekela akauhisi upepo wake shavuni.

Shwaa!
Kidole kikagusa tena. Mchanga! Mchanga baridi, unakwaruza, mpaka mdomoni!

Sekela akainyanyua chupa juu.
"IMEJAAAAA!"

Mwalimu Kissa akaitazama. Akaitikisa. Akaigeuza huku na huku.
"Imejaa! Pili A wameshinda!"

Pili A wakambeba Sekela juu juu. Goti lilikuwa hewani, kwenye jua, watu wote wakiliona. Vinyweleo vya mikono yake vikasimama tena. Safari hii haikuwa baridi.

Sekela akaanza kuimba, na darasa zima likamfuata.

*Ngozi yangu, fundi wangu,*
*shona, shona, usichoke!*

Bupe alikuja na mpira kwapani.
"Hukutazama chupa hata mara moja," alisema. "Umejuaje?"
"Vidole vyangu vina macho," alisema Sekela. "Njoo karakana kwa Baba kesho, nikufundishe. Tunafumba macho na kupapasa misumari."
"Misumari?"
"Na mahameli. Tunaanza na mahameli."

Siku mbili baadaye, ilikuwa Jumapili tena. Sekela alijisugua visigino. Goti hakulisugua. Alilimwagia maji tu, taratibu, shwaa.

Alipokuwa anajifuta, kitu kidogo kilianguka sakafuni.
Tik.

Kilikuwa kigaga. Kimeanguka chenyewe.

"Mama! Baba! Fundi amefunua paa mwenyewe!"

Wakaja wote wawili. Pale goti lilipochanika palikuwa na ngozi mpya. Ilikuwa nyororo. Ilikuwa na rangi ya waridi, nyepesi kuliko ngozi ya pembeni.

"Mbona rangi siyo yangu?" aliuliza Sekela.
"Kwenye karakana yangu, rangi ya mbao napaka lini?" aliuliza Baba.
"Mwishoni."
"Ndivyo afanyavyo huyu. Rangi yako inakuja. Mpe muda."

Mama alimpaka mafuta. Akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Nje, mvua ya Tukuyu ilianza kunyesha juu ya bati.

Sekela aliweka mkono juu ya goti lake. Akaimba kwa upole.

*Ngozi yangu, fundi wangu,*
*umeshona, pumzika.*

"Ah, haipumziki hiyo," alisema Mama. "Ukilala, yenyewe iko kazini."
"Inafanya nini?"
"Inazuia vijidudu. Inalinda joto lako. Inatengeneza ngozi nyingine mpya."
"Usiku kucha?"
"Usiku kucha."

Sekela alipiga miayo. Akalibusu goti lake, mwa!
"Basi, kazi njema, fundi," alisema.

Akalala fofofo.

Na ngozi yake, kutoka utosini mpaka visigino vile safi, ikaendelea na kazi.